Je, Wajua? Robota Jeusi Linalolisha Ng'ombe wa Ireland

Katika mashamba ya magharibi mwa Ireland, kando ya mabanda ya ng'ombe, hupangwa marobota makubwa ya mviringo yaliyofungwa plastiki nyeusi. Kila moja lina kipenyo cha mita 1.2 hivi na uzito wa kilo 600 au zaidi, na ndani yake hamna kingine ila majani. Mtu akiuliza mkulima wa huko anaishije na mvua isiyotabirika, kwa kawaida atatajiwa koti na utabiri wa redioni. Kwangu mimi jibu ni robota hili. Halikumpa mkulima uwezo wa kuijua kesho; lilimpunguzia idadi ya siku za ukavu anazozihitaji.

Upepo wa kusini-magharibi huivukia Ireland kutoka Atlantiki ukiwa umejaa unyevu. Mashariki mwa nchi mvua hunyesha takriban siku 150 kwa mwaka, na sehemu fulani za magharibi hufikia 225. Unyevu huo ndio unaostawisha malisho, lakini wakati wa baridi majani hayakui, ardhi hugeuka tope, na ng'ombe hufungiwa bandani kwa miezi. Chakula cha miezi hiyo sharti kivunwe majira ya joto. Hapo zamani kilikuwa hei, na hei inataka majani yakauke mpaka unyevu ubaki chini ya asilimia 20: siku tatu hadi tano za ukavu mfululizo, huku yakigeuzwa na kugeuzwa tena. Mvua ikishuka siku ya tatu, huosha sukari iliyomo na kukaribisha ukungu, na kazi yote huanza upya. Robota la saileji, yaani majani yanayohifadhiwa yakiwa bado na unyevu, linaridhika na siku moja au mbili. Majani hufyekwa, huachwa yanyauke kidogo, hukazwa na mashine, kisha huzungushiwa plastiki ya kuvutika, nyembamba kama maikroni 25, tabaka nne hadi sita. Oksijeni iliyobaki ndani huisha upesi. Hapo bakteria wa asidi laktiki huigeuza sukari ya majani kuwa asidi, nayo asidi huwazuia viozeshaji. Wafugaji wa Kenya wanaoshindilia mahindi yaliyokatwakatwa ndani ya mifuko mirefu ya plastiki wanatumia kanuni hiyohiyo, ila wao wanajihami na kiangazi.

Wapo watakaosema kwamba utabiri wa siku hizi ni mzuri, basi mkulima asubiri wiki kavu. Ni kweli umeboreka sana, lakini utabiri huitangaza wiki kavu, hauileti. Wengine watasema saileji yaweza kurundikwa shimoni na kufunikwa turubai. Inawezekana, na mashamba makubwa hufanya hivyo. Ila rundo linataka majani mengi kwa mkupuo mmoja, ilhali shamba la wastani nchini humo ni hekta 33 hivi, na mara nyingi limegawanyika vipandevipande. Kwa marobota, kipande kimoja kikipata siku yake kinavunwa, vingine vikingoja. Hata hivyo robota halioteshi majani. Majira ya joto ya 2012 yalikuwa ya mvua mno, yakafuatwa na baridi iliyochelewesha malisho ya 2013, na hei ikabidi iletwe kwa meli kutoka Uingereza na Ufaransa.

Hoja nzito zaidi ni ya plastiki. Kwanza ni dhaifu: tundu la mdomo wa kunguru latosha kuingiza hewa, na pembeni mwake ukungu huota, ndiyo maana marobota hufunikwa wavu na matundu huzibwa kwa utepe mara yanapoonekana. Pili, kila robota likifunguliwa huacha taka. Tangu 1997 upo mpango wa kitaifa wa kuikusanya na kuirejeleza, unaogharamiwa na tozo kwa wanaoiingiza sokoni pamoja na ada ya wakulima. Huo ni unafuu tu, maana plastiki isiyotumika ni bora kuliko iliyorejelezwa. Ndiyo sababu naona wiki kavu ikipatikana kweli, mkulima mwenye nafasi atengeneze hei, na plastiki aiwekee majani ambayo mvua ingeyaharibu.