Kuku Wajengewe Dungu Lao

Ndugu msomaji, jana usiku kuku wako walilala wapi?

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Lipangalala jibu ni moja: walilala ndani. Jogoo chini ya kitanda. Kuku mwenye vifaranga ndani ya tenga jikoni. Wengine kwenye pembe ya chumba wanacholala watoto. Asubuhi mama anafungua mlango, kuku wanatoka, naye anashika ufagio kufagia kinyesi.

Simlaumu mtu. Kuku aliyelala nje ovyo huliwa. Na kuku kwetu si kitoweo cha mgeni tu. Kuku ni daftari na sare za shule. Kuku ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Mwenye kuku kumi akiamka akakuta saba wamekufa, amepoteza mali ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Ndiyo maana anawaingiza ndani.

Lakini kazi yangu ni ya zahanati, na kule zahanati naona upande wa pili wa jambo hili.

Naona watoto wanaohara. Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoleta kuhara. Mtoto anayetambaa hushika sakafu, kisha hutia mkono mdomoni. Ukimwuliza mama, atakuambia meno yanaota. Meno hayaharishi mtoto. Tazama sakafu.

Naona pia watu wenye vipele vya utitiri na viroboto. Wadudu hawa huja na kuku, na wakikosa kuku huuma watu. Papasi naye hupenda nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku kunyonya damu ya mtu, na damu ya kuku pia. Akiwa na ugonjwa, humwambukiza mtu homa inayopoa siku chache kisha inarudi tena.

Halafu kuna nyoka. Nyoka hufuata panya, hufuata vifaranga, hufuata mayai. Ukiweka vyote hivyo chumbani, umemwita. Atakayemkuta kwanza ni mtoto aliyelala kwenye mkeka.

Basi tufanye nini? Tukiwatoa kuku nje wataliwa. Tukiwaacha ndani tutaugua sisi. Njia ipo, nasi watu wa bonde la Kilombero tunaijua tangu zamani. Sisi tunalima mpunga. Tukienda shamba tunajenga dungu juu ya nguzo, tukae humo kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Mtu analala juu, maji na wanyama wanapita chini. Kuku naye ajengewe dungu lake.

Kabla ya kujenga, mjue adui yako. Asubuhi usikimbilie kufagia. Tazama alama kwanza. Ukikuta kuku kadhaa wameumwa shingoni au kichwani, na nyama haikuliwa sana, mshuku kanu au kicheche. Kanu ana madoadoa na mkia mrefu wenye mapete, naye hupanda miti kama paka. Kicheche ni mdogo, mweusi mwenye mistari myeupe, na hunuka vibaya. Ukikuta shimo limefukuliwa chini ya ukuta, au mti wa ukuta umeng'olewa, huenda ni nyegere. Huyo ana nguvu na hachoki. Kuku mmoja hayupo, hakuna damu wala manyoya, mshuku chatu; chungulia vizuri, pengine bado yumo ndani na tumbo limejaa. Na kama kuku hawapo, tena mlango umerudishiwa vizuri? Adui huyo ana miguu miwili. Mwone mwenyekiti wa mtaa.

Sasa tujenge. Nguzo ziwe ndefu, sakafu ya banda iwe juu kufikia kiuno cha mtu mzima. Jambo hili ni muhimu zaidi kwetu, maana mto Lumemo ukifurika, banda la chini hujaa maji na kuku hufa wote bila hata ya kicheche. Mahali panapojaa maji mengi, pandisha zaidi. Banda la mita moja na nusu kila upande linatosha kuku kumi wa kienyeji.

Sakafu iwe ya fito au mianzi iliyopasuliwa, yenye nafasi ndogo ndogo. Kinyesi kitaanguka chini. Utakifagia kila siku na kukipeleka kwenye shimo la mbolea, na baadaye bustani ya mchicha itakushukuru. Nafasi hizo zisizidi upana wa kidole. Kanuni yenyewe ni hii: pale kichwa cha mnyama kinapopita, mwili nao utapita. Panya hupita penye tundu la ukubwa wa kidole gumba. Kuta ziwe za mianzi au fito zilizokazwa vizuri. Juu, karibu na paa, acha sehemu ya kuingiza hewa, lakini nayo izuiwe. Wenye fedha hununua wavu. Sawa, ila wavu mwepesi wa kuku humzuia kuku asitoke. Haumzuii nyegere asiingie. Ukiutumia, weka fito juu yake.

Chukua debe kuukuu, lipasue, likunjue. Lizungushe kwenye kila nguzo kama mwavuli, mdomo ukitazama chini. Panya na kicheche akipanda atafika hapo na kukwama. Lakini kazi hiyo ni bure ikiwa tawi la mwembe limegusa paa. Kanu atashuka kutoka juu. Kata tawi. Fyeka na majani, hatua tano kuzunguka banda, kwa sababu wanyama wengi wa usiku hawapendi kupita peupe. Ngazi ya kuku isiachwe imeegemea usiku. Iondoe.

Mlango ndio unaoshinda watu wengi. Banda limejengwa vizuri, mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba! Weka komeo la mti au la chuma.

Siafu ni jambo jingine. Siafu hawajali ukuta, na kuku anayeatamia hakimbii. Kwenye kila nguzo funga kitambaa kilicholowekwa oili chafu ya gari au ya mashine ya kukoboa, ukiongeze oili kila kinapokauka. Siafu wakishafika, usipigane nao. Fungua mlango kuku watoke, kisha mwaga majivu ya moto kwenye njia ya siafu, mbali na banda.

Hapa nataka kusema kwa ukali kidogo. Wapo watu ambao, wakishaumizwa na kanu, huchukua yai, hulitoboa, hutia dawa ya wadudu ya shambani, kisha huliacha karibu na banda. Yai hilo halina maandishi. Mtoto akiliona ataliokota alipeleke jikoni. Dawa nyingi za namna hiyo huua mtu vilevile: jasho jingi, mate yanamtoka, mboni za macho zinakuwa ndogo, pumzi inamshinda. Usitege sumu. Ikiwa mtu amekula, usimtapishe, wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize hospitali, na chupa ya dawa uichukue.

Usiku kuku wakipiga kelele, usitoke bila tochi na viatu. Usiingize mkono kwenye kiota gizani, tumia fimbo. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Atulie, mguu au mkono ulioumwa usitikiswe, apelekwe upesi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapo Ifakara. Swila akitema mate machoni, osha macho kwa maji safi mengi kabla ya jambo lolote. Na mnyama wa porini akikuuma, hata kama jeraha ni dogo, osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa tu, na dalili zake zikishatokea hatuna dawa ya kukiponya.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Dungu la kuku ni kazi ndogo kuliko choo. Majirani watatu wakisaidiana hujenga matatu.

Kuku waliozoea chumba chako watakataa mwanzoni. Watasimama mlangoni jua likizama, wakikudai. Wabebe kwa mikono uwaingize, na tupa chenga kidogo za mchele ndani ya banda. Fanya hivyo kila jioni mpaka waingie wenyewe. Wahesabu kabla giza halijaingia, kisha sukuma komeo.