Tusifu Gari, Tusimsahau Aliyeliunda

Kila mwaka, mwezi wa Agosti, magari ya zamani hupita kwa madaha katika barabara ya Woodward, nje kidogo ya Detroit, Marekani, na umati wa watu hujipanga kando kuyastaajabia. Tamasha hilo lilianza mwaka 1995, kuchangisha fedha za uwanja wa mpira. Ni jambo jema.

Lakini ndugu, kusini zaidi katika barabara hiyo hiyo, Highland Park, ndipo kiwanda cha Ford kilipoanza, mwaka 1913, kumpelekea mfanyakazi gari linalosogea, naye akarudia tendo moja kutwa nzima. Wengi walichoka, wakaacha kazi. Mwaka 1914 ujira ukapandishwa hadi dola 5 kwa siku.

Anayelisifu gari, na ausifu kwanza mkono ulioliunda.