KLABU ZA MICHEZO NA SIHA YA WANANCHI: FUNZO LITOKALO NGARA NA BIHARAMULO

Klabu ya michezo kwa kawaida hutazamwa kuwa ni pahala pa kutafutia ushindi na vikombe. Hata hivyo, faida yake kwa siha ya jamii ni kubwa kuliko hiyo, na Wilaya za Ngara na Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, Tanzania Bara, zinaonesha wazi sababu yake.

Mkoa wa Kagera umetangulia mara mbili kupambana na maradhi yaliyokuwa mageni nchini. Mwaka 1983 wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI katika Tanzania waligundulika mkoani humo. Mwaka 2023 maradhi ya Marburg yalithibitishwa huko kwa mara ya kwanza nchini, na tarehe 20 Januari, 2025 yalitangazwa tena, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuwa wamefariki, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, kabla ya mripuko huo kutangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, 2025.

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa takriban siku moja. Barabara itokayo mpakani hupita Lusahunga na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kuelekea mikoa mingine. Pahala penye msafara wa watu wengi namna hiyo, habari sahihi za afya hazina budi kufika upesi kuliko maradhi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya klabu. Kijana mwenye nguvu haendi kituo cha afya mpaka aumie. Lakini saa 10 za alasiri yupo kiwanjani, kwa hiari yake, mbele ya nahodha anayemwamini. Neno linalosemwa hapo hufika nyumbani kwake jioni ile ile.

Aidha, maradhi mawili yaliyotajwa yanahitaji mwenendo unaopingana, na klabu haina budi kujua tofauti yake.

Virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa kucheza pamoja, kupeana mikono, kutokwa na jasho wala kunywea kikombe kimoja. Mwenye virusi hivyo anayetumia dawa zake ipasavyo anaweza kucheza kama wenzake. Kumtenga ni dhulma, tena humfanya mwengine aogope kupima. Linalotakiwa ni kwa jeraha lolote la mchezaji yeyote kufunikwa, na damu kusafishwa kwa mikono iliyovaa mipira.

Marburg ni kinyume chake. Huambukiza kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Dalili zake, zikiwemo homa kali, maumivu makali ya kichwa, kutapika na kuharisha, hutokea baina ya siku 2 na 21. Wakati wa mripuko, klabu inayopenda watu wake huacha kupeana mikono, haiazimani jezi, na husimamisha mechi pindi ikiamriwa. Mchezaji mwenye homa hawekwi benchi, bali huarifiwa wahudumu wa afya. Kuahirisha fainali kwa ajili hiyo si kushindwa.

Katika siku za salama, kazi ya klabu ni mazoezi yenyewe. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku, ili kujikinga na shinikizo la damu, kisukari na unene. Kwa hivyo klabu isiwe ya wanasoka vijana peke yao. Netiboli, kuvuta kamba na matembezi ya haraka huwapatia nafasi kina mama na wazee.

Mfano mwengine mwema upo Nairobi. Katika mtaa wa Mathare, jumuiya ya michezo ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1987 iliamua kuwa timu inayosafisha mtaa ipewe pointi katika ligi yake. Hivyo usafi ukawa sehemu ya ushindani.

Kwa upande wa Visiwani, ambako vikundi vya mazoezi hukusanyika kila tarehe 1 Januari, wananchi wanahimizwa kuyazingatia haya:

1. Kila klabu imteue mwanachama mmoja wa kushughulikia afya, ajuane na sheha na kituo cha afya kilicho karibu.
2. Dakika 10 kabla ya mazoezi zitumike kwa nasaha za afya.
3. Maji safi na sabuni viwepo kiwanjani.
4. Habari za ugonjwa usiofahamika zipelekwe siku ile ile, bila ya kungoja uvumi.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kiwanja cha mpira ni pahala pazuri pa kuianzia.