Yai la Trauti Chini ya Kokoto

Wafugaji wa ukanda wa chai huko Murang'a, kuanzia Kangema kupanda Mathioya, huniuliza swali moja: mbona tilapia wa bwawani hawazai, ilhali mtoni chini ya shamba trauti wanazaliana bila kulishwa na mtu? Wengi walichimba mabwawa ya mita mraba 300 serikali ilipoanzisha mpango wa ufugaji samaki mwaka 2009. Bwawa ni zuri, chakula kipo. Kinachokosekana ni joto. Tilapia huanza kutaga maji yakipita nyuzijoto 20, kisha jike hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Maji yakipoa zaidi, uzazi husimama.

Trauti hutaka baridi. Jike hulala ubavu penye changarawe, akapigapiga mkia mpaka shimo lipatikane. Anapotaga, dume humwaga manii papo hapo, kwa sababu mbegu zake zikishagusa maji huishiwa nguvu kabla ya dakika moja kwisha. Ndiyo maana wanaozalisha trauti hukamua mayai kwenye beseni kavu, wakachanganya na manii, na maji yakaja mwisho. Mtoni, jike husogea mbele kidogo na kuchimba tena. Mkondo husukuma kokoto zikafunika mayai. Kisha jike huenda zake. Hakuna mzazi anayebaki kulinda.

Mlezi wa yai ni mto wenyewe. Maji ya nyuzijoto 10 hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, na yai lililozikwa hupumua kile tu kinachopenya katikati ya kokoto. Baridi pia hupunguza kasi ya ukuaji. Kwa trauti wa upinde wa mvua, zidisha joto la maji kwa idadi ya siku: yai huanguliwa hesabu ikikaribia 310. Katika nyuzijoto 10 ni kama mwezi mmoja. Maji yakipoa, muda hurefuka.

Bila ucheleweshaji huo, mito yetu isingekuwa na samaki huyu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, ili apandikize samaki katika Mto Gura, unaotoka milima ya Aberdare. Yai la tilapia lingeanguliwa na kufa siku chache tu baada ya meli kung'oa nanga. Yai la trauti likiwekwa penye ubaridi na unyevu hustahimili wiki kadhaa za safari. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, cha kutotolea vifaranga.

Kinachonitia uchungu ni udongo. Miteremko ya Murang'a ni mikali, na wengi wetu hulima hadi ukingoni mwa mto. Mvua ya Aprili hushusha tope jekundu linaloziba nafasi kati ya kokoto, na mayai hukosa hewa bila mtu kuona lolote. Samaki wakubwa huendelea kuonekana, tukadhani mto ni mzima, kumbe tunatazama wazee wasio na watoto. Ingia mtoni maji yakiwa yametulia, ukoroge changarawe kwa mguu. Wingu jekundu likiinuka, panda majani ya tembo ukingoni kabla ya mvua ijayo.