Chumvi ya kisimani hupimwaje?

MAJI ya kisima katika pwani ya Kwale, mkabala na kisiwa cha Chale, huweza kuonekana safi ilhali yameanza kuingiliwa na bahari. Miamba ya matumbawe ina matundu. Maji yakivutwa kupita kiasi, hasa wakati wa ukame, maji ya chumvi hupenya chini kwa chini.

Ulimi huchelewa kugundua: kloraidi huanza kuonjeka ikifikia takriban miligramu 250 kwa lita. Maabara huwahi. Sampuli hutiwa kromati ya potasiamu, kisha naitreti ya fedha tone kwa tone. Kloraidi yote ikishanaswa, rangi hugeuka kuwa nyekundu ya hudhurungi. Kiasi cha naitreti kilichotumika ndicho kipimo.

Kipimo hicho kikirudiwa kila msimu, mwenye kisima huonywa mapema apunguze kuvuta.