Imulikwe Akaunti, Mtu Aachiwe Mahakama

Juni 2011 dunia iliambiwa kwamba Amina, mwanablogu wa Damascus, ametekwa na watu wenye silaha. Kampeni za kutaka aachiwe zikashika kasi. Siku chache baadaye ikabainika kuwa Amina hajawahi kuwapo: aliyekuwa akiandika ni Tom MacMaster, Mmarekani aliyekuwa akisoma Edinburgh, ambaye mwishowe alikiri. Wanaotaka wenye akaunti bandia waanikwe hadharani wanaweza kukifanya kisa hiki ushahidi wao. Lakini kina mtu wa pili, mwanamke wa London ambaye picha zake zilichukuliwa bila yeye kujua. Sura yake ilitoka magazetini kama ndiyo ya Amina, ikambidi ajitokeze kukanusha. Akaunti bandia huvaa sura ya mtu, na anayeikimbilia sura humkamata aliyeibiwa.

Hata alama za kitaalamu hazimtaji mtu. Anwani ya IP huonyesha mtandao uliotumika, na kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja. Ni kumbukumbu za kampuni tu zinazoweza kuonyesha laini iliyohusika saa fulani, na laini hiyo huenda ilisajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu au kwa kitambulisho kilichoibwa. Kumbukumbu hizo hazipaswi kutolewa nje ya utaratibu wa sheria, na umati wa mtandaoni hauzipati. Ndiyo maana umati hukisia. Aprili 2013, baada ya mabomu ya Boston, watu mtandaoni walimtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea kuwa ndiye mshukiwa. Familia yake ikaandamwa kwa matusi. Hakuhusika kabisa, na siku chache baadaye alipatikana amekwisha kufariki.

Itasemwa kwamba polisi huchelewa, na anayetapeliwa au kudhalilishwa leo hawezi kusubiri hukumu ya mwakani. Malalamiko hayo ni ya haki, ila kinachomwokoa ni kuianika akaunti. Ipigwe picha pamoja na kiungo na tarehe kabla haijafutwa, watu watahadharishwe kwa jina linalotumika, na namba inayopokea pesa iripotiwe kwa kampuni ya simu ili izuiwe. Hayo hufanyika siku hiyohiyo, tena hayamdhuru asiyehusika. Jina halisi linahitajika kwa ajili ya adhabu, na kwa adhabu sheria ipo: Tanzania, kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Je, MacMaster alionewa? La. Aliuhadaa umma kwa jambo zito, na jina lake lilithibitishwa kwa kukiri kwake mwenyewe. Umma uwe na haki ya kulijua jina pale yote mawili yanapotimia. Likipungua moja, jina liende kwa hakimu. Akaunti iliyosingiziwa hufunguliwa upya. Mtu aliyesingiziwa hubaki na doa ambalo hakuna tangazo la kuomba radhi litakaloliondoa lote.