Kutoka Manowarini hadi Ubalozini: Admirali Prueher na Uzito wa Neno Moja

Neno 'admirali' na neno 'balozi' yote mawili ni wasafiri wa baharini. La kwanza asili yake ni 'amir' ya Kiarabu, mzizi uleule uliotupa 'amri' na 'amiri'. Lilizunguka katika lugha za Ulaya kabla ya kuturejea likiwa limevaa joho la kigeni. La pili aghalabu huhusishwa na 'balyoz' ya Kituruki, jina lililotumiwa kwa mjumbe wa jamhuri ya Venice mjini Istanbul. Ijapokuwa maneno haya yamesafiri njia zinazokaribiana, kazi zake zimetengana sana. Admirali huamuru naye akatiiwa. Balozi hushawishi, husubiri, na mara nyingine humeza mate machungu. Makala haya yanamwangazia mtu mmoja aliyevishika vyeo vyote viwili, Joseph Prueher wa Marekani. Lengo letu si kumsifu yeye wala serikali iliyomtuma. Tunanuia kuonyesha jinsi siku nzito zaidi ya ubalozi wake ilivyotegemea swali ambalo kila mwanafunzi wa tafsiri analifahamu: neno hili lina maana gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kulifasiri?

Prueher si wa kwanza kuifuata njia hiyo. Admirali William Leahy, aliyekuwa mkuu wa jeshi la wanamaji la Marekani, alianza kazi ya balozi kwa serikali ya Vichy nchini Ufaransa mwaka wa 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Admirali William Crowe, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani tangu 1985 hadi 1989, alikuwa balozi mjini London kuanzia 1994 hadi 1997. Huyu wa pili anatugusa sisi Wakenya kwa karibu, kwani ndiye aliyeziongoza tume za Marekani zilizochunguza mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya balozi za nchi hiyo jijini Nairobi na Dar es Salaam, ambapo zaidi ya watu 200 walipoteza maisha jijini Nairobi pekee. Hata hivyo, ni Prueher ambaye kisa chake kinamfaa zaidi mwanafunzi wa lugha.

Alizaliwa Nashville, katika jimbo la Tennessee, mwaka wa 1942. Alihitimu katika chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka wa 1964, akawa rubani wa ndege za kivita zinazorukia melini, na akapigana katika vita vya Vietnam. Ngazi alizopanda baadaye ni nyingi na hatuna haja ya kuzihesabu moja moja. Inatosha kusema kwamba aliongoza Kundi la Sita la manowari katika Bahari ya Mediterania, kisha akawa naibu wa mkuu wa jeshi la wanamaji, na mnamo Januari 1996 akakabidhiwa Kamandi ya Pasifiki yenye makao yake Hawaii. Chini yake walikuwa wanajeshi wa nchi kavu, wa majini na wa angani katika eneo linalokaribia nusu ya uso wa dunia.

Hakuwa amekaa sana katika kiti hicho mtihani ulipomfika. Mnamo Machi 1996, Taiwan ilipokuwa ikijiandaa kumchagua rais kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza, China ilifyatua makombora ya majaribio katika bahari jirani. Marekani ilijibu kwa kutuma makundi mawili ya manowari, yakiongozwa na meli za kubebea ndege Independence na Nimitz. Vita havikuzuka. Katika miaka iliyofuata Prueher alijitahidi kujenga mawasiliano na maafisa wa jeshi la China, na yeye mwenyewe akaizuru nchi hiyo. Yamkini ndipo mbegu ya ubalozi ilipopandwa.

Alistaafu jeshini mwaka wa 1999. Wakati huo uhusiano wa mataifa hayo mawili ulikuwa umeingia doa baya: mwezi wa Mei mwaka huohuo ndege ya Marekani ilikuwa imeushambulia kwa mabomu ubalozi wa China mjini Belgrade na kuwaua waandishi wa habari watatu wa Kichina. Marekani ilisema lilikuwa kosa la ramani; Wachina wengi hawakuamini. Huko ndiko Rais Clinton alikompeleka admirali wake mstaafu, naye akaanza kazi Beijing mnamo Desemba 1999. Clinton alipoondoka madarakani Januari 2001, Prueher alibaki kwa muda akiuhudumia utawala mpya wa George W. Bush.

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3, iliyokuwa na wanajeshi 24, iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, alitoweka baharini na hakupatikana tena. Ndege ya Marekani, ikiwa imeharibika vibaya, ilitua katika uwanja wa kijeshi wa Lingshui kisiwani humo bila kibali. Kila upande ulidai kwamba mwenzake ndiye aliyesababisha ajali. Wanajeshi wale 24 walizuiliwa, na China ikaweka sharti: Marekani iombe radhi.

Hapa msomaji azingatie mwendo wa maneno. Kwanza viongozi wa Marekani walitaja ajali tu. Tarehe 4 na 5 Aprili Waziri Colin Powell na Rais Bush walitumia neno 'regret', yaani kusikitika. Tarehe 8 Powell akasogea hatua moja zaidi na kutumia 'sorry' kuhusu uhai uliopotea. Lakini neno 'apologize' halikutamkwa. Kulitamka kungekuwa kukiri kosa, na Marekani ilishikilia kwamba ndege yake ilikuwa katika anga ya kimataifa. China nayo ilidai 'daoqian', yaani kuomba radhi kwa kukubali lawama.

Barua iliyotegua kitendawili hicho ilitiwa sahihi na Prueher na kumfikia Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Tang Jiaxuan, tarehe 11 Aprili. Ndani yake maneno 'very sorry' yalijitokeza mara mbili. Mara ya kwanza yalielekezwa kwa watu wa China na jamaa za Wang Wei kwa msiba uliowapata. Mara ya pili yalihusu kuingia kwa ndege katika anga ya China na kutua bila idhini ya mdomo. Kuhusu aliyesababisha mgongano, barua ilinyamaza. Siku iliyofuata wanajeshi wote 24 walikuwa safarini kuelekea kwao.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Katika tafsiri iliyotolewa na serikali ya China, 'very sorry' iligeuka 'shenbiao qianyi', usemi wa kutoa radhi kwa dhati, wenye silabi 'qian' ileile iliyomo katika 'daoqian'. Ubalozi wa Marekani ulikuwa na tafsiri yake ya Kichina, yenye maneno mepesi zaidi. Hivyo basi, raia wa China wakaambiwa kwamba Marekani imeomba radhi, na raia wa Marekani wakaambiwa kwamba haikuomba. Kila serikali iliweza kuwatazama watu wake usoni. Wapo watakaouita huu unafiki. Kwa maoni yetu, ulikuwa ustadi, maana watu 24 walirudi nyumbani na hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Tujiulize: je, barua hiyo ingeandikwa kwa Kiswahili? Hapa ndipo lugha yetu ingemtia Prueher mashakani. 'Sorry' ya Kiingereza inabeba mizigo miwili ambayo Kiswahili hukataa kuichanganya. Anapojikwaa mpita njia tunamwambia 'pole' ingawa si sisi tuliolitega jiwe. Neno hilo halina kosa ndani yake, na hata kisarufi humwonyesha mhusika mmoja tu: likiwaendea wengi huwa 'poleni', lakini msemaji hana alama yake humo. Jibu lake ni 'asante'. 'Samahani' na 'tunaomba radhi' ni habari nyingine. Msemaji amejiweka chini ya hukumu ya mwenzake, na jibu linalotarajiwa ni msamaha, si shukrani. Mtu aliyemkanyaga mwenziwe kisha akasema 'pole' bila 'samahani' huonekana mjeuri.

Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuamua pale ambapo Mwingereza ameacha wazi. Kwa jamaa za Wang Wei angeandika 'poleni sana kwa msiba', wala hakuna ambaye angebisha. Tatizo ni mahali pa pili. Hakuna anayempa mwenye nyumba pole kwa sababu ameingia kwake bila kubisha hodi. Hapo Kiswahili kinadai 'mtuwie radhi', na kwa neno hilo Marekani ingekuwa imekiri. Labda 'tunasikitika sana' ingesaidia, lakini hilo ndilo neno ambalo Beijing ilikuwa imekwisha kulikataa wiki moja nyuma. Tumelijadili suala hili na wenzetu wa somo la tafsiri zaidi ya mara moja, na hatujakubaliana.

Prueher aliondoka Beijing mwezi wa Mei 2001. Ndege yenyewe ilirudishwa mwezi wa Julai ikiwa imefunguliwa vipandevipande, ndani ya ndege ya mizigo aina ya Antonov. China ilidai dola milioni 1 kwa gharama zake. Marekani ikajitolea kulipa dola 34,567. China ilizikataa.